Kumbukumbu za Wanafunzi za Miaka Mingi Zinavyotumika Kuchunguza Elimu ya Uhandisi

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka matangazo ya udahili na ya mahafali huwaletea wananchi tarakimu mbili ambazo huzilinganisha bila kukawia: idadi ya walioingia na idadi ya waliotoka. Pengo linaloonekana kati ya tarakimu hizo huitwa hasara, na hasara hiyo hutafutiwa mwenyewe. Ama mwanafunzi alikuwa mvivu, ama mhadhiri alikuwa mkali, ama hisabati iliwashinda. Nchini Marekani, kwa miongo kadhaa, hoja ya namna hiyo ndiyo iliyotawala mjadala kuhusu upungufu wa wahandisi, na hasa kuhusu uchache wa wanawake katika taaluma hiyo. Ilichukuliwa kuwa ni jambo lililothibitika kwamba vyuo vya uhandisi hupoteza wanafunzi wengi kuliko vyuo vingine.

Dhana hiyo ilipata kipimo cha kweli pale watafiti walipoacha kulinganisha makundi ya mwaka mmoja na kuanza kumfuatilia mwanafunzi mmoja mmoja, muhula kwa muhula, tangu siku anapodahiliwa hadi anapohitimu au kuondoka, na kufanya hivyo katika vyuo vingi kwa wakati mmoja. Makala haya yanaeleza kazi hiyo ilivyofanyika, yale iliyoyabainisha, na masharti yanayoifanya iaminike.

Kanzidata inayozungumziwa

Mfano mkubwa na unaojulikana zaidi wa kazi hii ni kanzidata iitwayo MIDFIELD. Jina hilo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha Kanzidata ya Vyuo Vingi kwa ajili ya Kuchunguza Maendeleo ya Muda Mrefu ya Uhandisi. Chimbuko lake ni miaka ya 1990, wakati Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani ulipofadhili miungano ya vyuo vya uhandisi ili viboreshe ufundishaji kwa pamoja. Mmojawapo wa miungano hiyo, uliojulikana kama SUCCEED, ulihusisha vyuo vya majimbo ya kusini-mashariki, vikiwemo Chuo Kikuu cha Florida, Georgia Tech, Clemson na Virginia Tech. Vyuo hivyo vilikubaliana kuweka pamoja kumbukumbu za wanafunzi wao ili vijue kama mageuzi yaliyokuwa yakifanyika yanaleta matokeo yoyote. Katika miaka ya 2000 kumbukumbu hizo zilipanuliwa na kupewa jina jipya, chini ya uongozi wa Profesa Matthew Ohland, ambaye baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Purdue katika jimbo la Indiana na kuiendeleza kazi hiyo huko. Leo kanzidata hiyo ina kumbukumbu za zaidi ya wanafunzi milioni moja wa shahada ya kwanza, baadhi zikianzia mwishoni mwa miaka ya 1980.

Ni muhimu kueleza kwamba kumbukumbu hizo hazihusu wanafunzi wa uhandisi pekee. Kila chuo hutoa taarifa za wanafunzi wake wote wa shahada ya kwanza, wawe wa historia, biashara, kilimo au muziki. Jambo hili linaweza kuonekana kuwa ni mzigo usio wa lazima kwa mtafiti wa uhandisi, lakini ndilo lililoipa kazi yote thamani yake. Mwenye orodha ya wanafunzi wa uhandisi peke yao anaweza kuona ni wangapi wameondoka. Hawezi kujua kama idadi hiyo ni kubwa au ndogo kuliko ya fani nyingine, wala hawezi kuona ni nani aliyeingia katika uhandisi akitokea kwingine.

Muundo wa taarifa zenyewe ni wa kawaida, na ofisi yoyote ya msajili wa chuo ingeutambua mara moja. Kuna majedwali manne. La kwanza lina safu moja kwa kila mwanafunzi, na linaonyesha jinsia, asili, mahali pa udahili, na kama aliingia moja kwa moja kutoka sekondari au alihamia kutoka chuo kingine. La pili lina safu moja kwa kila muhula ambao mwanafunzi alisajiliwa, pamoja na programu aliyokuwamo na wastani wa alama zake. La tatu linaorodhesha kila kozi aliyosoma na daraja alilopata. La nne linaonyesha shahada aliyotunukiwa na muhula aliohitimu. Kinachoyaunganisha majedwali hayo manne ni namba ya utambulisho iliyotungwa kwa ajili ya utafiti tu, ambayo si namba ya usajili wa mwanafunzi.

Programu za masomo nazo huandikwa kwa misimbo ya tarakimu sita inayotolewa na mamlaka ya takwimu za elimu ya Marekani. Misimbo yote ya uhandisi huanza na 14: uhandisi ujenzi ni 14.08, wa umeme 14.10 na wa mitambo 14.19, na tarakimu zinazofuata hufafanua zaidi. Kwa njia hiyo idara mbili zenye majina tofauti katika vyuo viwili zinaweza kulinganishwa. Misimbo hiyo hupitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo mchambuzi asiye makini anaweza kudhani wanafunzi wamehama fani, ilhali kilichohama ni msimbo.

Kilichobainika

Mwaka 2008, Ohland na wenzake walichapisha uchambuzi wao katika jarida la elimu ya uhandisi la Jumuiya ya Marekani ya Elimu ya Uhandisi. Waliuliza swali rahisi: kati ya wanafunzi walioanza katika kila kundi la fani, ni wangapi walikuwa bado wamo katika kundi hilo hilo ilipofika muhula wa nane? Jibu halikuwa lile lililotarajiwa na wengi. Wanafunzi wa uhandisi hawakuwa wakiondoka kwa kiwango cha kutisha kuliko wengine. Kwa upande wa kubaki katika fani, mgawanyo wa alama, na hata ushiriki wao katika maisha ya chuo kama ulivyopimwa na dodoso la kitaifa, walifanana na wanafunzi wa fani nyingine.

Uhandisi ulitofautiana na fani nyingine hasa katika mambo mawili. La kwanza lilikuwa uchache wa wanawake tangu mwanzo. La pili, ambalo kabla ya hapo halikuwa likizungumzwa sana, lilikuwa uchache wa wanaoingia kutoka nje. Zaidi ya asilimia 90 ya wanafunzi waliokuwa katika uhandisi katika muhula wa nane walikuwa wameanza katika uhandisi. Katika fani nyingine hali ilikuwa tofauti kabisa: sehemu kubwa ya wanaomaliza saikolojia, biashara au sayansi ya jamii hawakuanzia hapo. Walianza kwingine, wakabadili mawazo, wakapokewa.

Tofauti hii inabadilisha maana ya tarakimu zote. Fani inayopoteza wanafunzi 40 katika kila 100 na kupokea 40 wengine inaonekana imesimama imara siku ya mahafali. Fani inayopoteza 40 na kupokea 3 inaonekana imeporomoka, ingawa walimu wake hawakufanya vibaya zaidi. Kwa muda mrefu fedha za mageuzi zilielekezwa katika kuwazuia wanafunzi wasitoke. Kumbukumbu zilionyesha kwamba upande wa pili wa mlango, yaani njia ya kuingilia kwa mwanafunzi aliyechelewa kuamua, haukuwa umetazamwa. Mwanafunzi anayegundua katika mwaka wa pili kwamba anapenda uhandisi hukuta kozi za hisabati na fizikia zimepangwa kama ngazi, kila moja ikidai ile iliyotangulia, na kuanza upya kunaweza kumgharimu mwaka mzima wa ada.

Kuhusu wanawake, uchambuzi uliofuata ulikuwa na uzito wa pekee. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliohusisha zaidi ya wanafunzi 75,000 walioanza uhandisi katika vyuo tisa, ilionekana kwamba wanawake wanaoanza uhandisi huhitimu kwa viwango vinavyokaribiana na vya wanaume. Kwa maneno mengine, uchache wa wahandisi wanawake nchini humo haukuweza kuelezwa kwa madai kwamba wakishaingia hushindwa. Walikuwa wachache siku ya mahafali kwa sababu walikuwa wachache siku ya udahili. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba picha hubadilika mtu anapotazama jinsia na asili kwa pamoja: mwenendo wa wanawake weusi haufanani na wa wanaume weusi, wala wa wanawake wenye asili ya Kiasia haufanani na wa wanawake weupe. Wastani mmoja wa wanawake wote huyafuta hayo.

Ili makundi hayo madogo yachambuliwe hata kidogo, ilibidi vyuo vingi viwe pamoja. Chuo kimoja kinaweza kuwa na wanawake weusi wanne au watano tu katika uhandisi wa umeme kwa mwaka, na idadi kama hiyo haitoi hitimisho lolote. Hapa ushiriki wa vyuo kama North Carolina A&T na Florida A&M, vilivyoanzishwa karne ya 19 kwa ajili ya Wamarekani weusi, ulikuwa na umuhimu ambao haulingani na ukubwa wao. Bila vyuo hivyo, sehemu kubwa ya habari za wahandisi weusi wa kusini mwa Marekani isingekuwemo.

Namna ya kuhesabu

Swali la nani ahesabiwe kuwa amefaulu linaonekana jepesi hadi mtu anapolishika. Kipimo cha muhula wa nane kilichotumika awali kina kasoro yake: mwanafunzi aliye darasani katika muhula wa nane bado hajahitimu. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kipimo hicho hukadiria mafanikio kupita kiasi, na kwamba kiasi cha kukosea hakilingani kwa makundi yote. Kwa hiyo tarakimu iliyoonekana kutopendelea upande wowote ilikuwa ikiwapamba baadhi ya watu kuliko wengine.

Kipimo rasmi cha serikali ya Marekani kinatokana na sheria ya mwaka 1990 inayovitaka vyuo kutangaza viwango vya kuhitimu. Kinampa mwanafunzi wa shahada ya miaka minne muda wa miaka sita, yaani asilimia 150 ya muda wa kawaida. Hata hivyo, kipimo hicho kimejengwa juu ya wanafunzi wanaoingia chuoni kwa mara ya kwanza na kusoma muda wote. Aliyehamia kutoka chuo kingine hahesabiwi, wala anayesoma kwa muda wa ziada huku akifanya kazi. Katika nchi ambayo wanafunzi wengi huanzia vyuo vya jamii vya miaka miwili kwa sababu ya gharama, kuwaacha hao nje ya hesabu ni kuwaacha wengi wa wale ambao sera ilikusudia kuwasaidia.

Mwaka 2012 timu ya MIDFIELD ilipendekeza kipimo kingine, ambacho kwa Kiswahili kinaweza kuitwa kipimo cha mnato. Kinachukua wanafunzi wote waliowahi kusajiliwa katika programu fulani, kwa njia yoyote na wakati wowote, kisha kinauliza ni sehemu gani ya hao waliohitimu katika programu hiyo. Mfano wa kufikirika utasaidia. Tuseme programu moja imeanza na wanafunzi 50. Kati yao 20 wanahitimu humo na 30 wanaondoka. Baadaye wanafunzi wengine 50 wanahamia kutoka fani nyingine, na 45 kati yao wanahitimu. Kwa kipimo cha kawaida, kinachowatazama walioanza tu, programu hiyo imefaulu kwa asilimia 40, na mkuu wa chuo anaweza kufikiria kuifunga. Kwa kipimo cha mnato, wanafunzi 65 kati ya 100 waliopita humo wamehitimu, yaani asilimia 65. Ni programu ile ile, walimu wale wale.

Mfano huo hauko mbali sana na hali halisi. Uhandisi wa viwanda, fani inayoshughulikia mpangilio wa kazi, mitambo na watu katika uzalishaji, huchaguliwa na wachache mwaka wa kwanza, pengine kwa sababu mhitimu wa sekondari hajui ni kitu gani. Kumbukumbu za MIDFIELD zimeonyesha kwamba fani hiyo huwapokea wengi kutoka fani nyingine za uhandisi na huwabakiza vizuri, na kwamba huwavutia wanawake kwa uwiano mkubwa kuliko fani za umeme au mitambo. Kipimo kinachowaangalia walioanza tu kingeificha.

Kuna ugumu mwingine usioonekana kwa macho. Katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi wa uhandisi hachagui tawi lake katika mwaka wa kwanza. Wote huwekwa katika programu moja ya pamoja, na ndipo mwaka unaofuata wakagawanyika. Vyuo vingine humtaka achague tangu siku ya kwanza. Mtafiti akitaka kujua ni wangapi walianza katika uhandisi mitambo, katika chuo cha aina ya kwanza jibu litakuwa sifuri. Akiwahesabu tu wale waliochagua mitambo mwaka wa pili, atakuwa amewaondoa walioacha uhandisi kabla ya kuchagua, na chuo hicho kitaonekana bora kuliko kilivyo. Watafiti hulitatua kwa kukadiria kitakwimu ni tawi gani kila mwanafunzi wa namna hiyo angelichagua, kwa kutazama wenzake wanaofanana naye. Ni makadirio, na yanapaswa kutajwa kuwa ni makadirio.

Ugumu wa tatu unahusu mipaka ya kumbukumbu zenyewe. Tuseme taarifa za chuo zinaishia mwaka 2018. Mwanafunzi aliyeingia mwaka 2015 bado hajapewa miaka sita, hivyo kumwita aliyeshindwa ni kumwonea. Wengi hufikiri suluhisho ni kuwaondoa wale ambao bado hawajahitimu na kuwabakiza wenzao waliohitimu mapema. Hilo ndilo kosa lenyewe, kwa kuwa litabakiza wepesi tu na kuwaondoa wanaochukua muda. Kanuni sahihi ni kuliondoa kundi lote ambalo kumbukumbu haziwezi kulifuata kwa muda unaotosha, waliohitimu na wasiohitimu pamoja. Aidha, aliyehamia akiwa tayari na mikopo ya masomo ya mwaka wa tatu hawezi kupewa miaka sita kama aliyeanza sifuri. Muda wake hupunguzwa kulingana na ngazi aliyoingilia. Maelezo haya yanaweza kumchosha msomaji, lakini ndipo mahali ambapo ripoti nyingi zenye majedwali mazuri huharibikia.

Mipaka ya kumbukumbu

Kumbukumbu za msajili husema nini kilitokea. Hazisemi kwa nini. Mwanafunzi aliyepata daraja la chini katika kozi ya mekanika na kuondoka muhula uliofuata anaweza kuwa ameshindwa na somo, amekosa ada, ameuguliwa na mzazi, au amegundua kwamba hakulipenda tangu awali. Katika jedwali wote wanne wanafanana.

Ndiyo maana tafiti hizi zinahitaji kusomwa pamoja na nyingine zilizofanywa kwa mahojiano. Kitabu cha Elaine Seymour na Nancy Hewitt kilichotolewa mwaka 1997, kilichotokana na mahojiano na mamia ya wanafunzi katika vyuo saba vya Marekani, kilikuwa kimekwisha kuonyesha kwamba walioacha sayansi na uhandisi hawakutofautiana sana kwa uwezo na waliobaki, na kwamba wote walilalamikia mambo yale yale, hasa ufundishaji duni. Waandishi hao waliweza kueleza sababu lakini hawakuweza kueleza ukubwa wa jambo katika nchi. Kanzidata iliweza la pili bila la kwanza. Watafiti wa MIDFIELD wenyewe wamekuwa wakianza na tarakimu ili kujua ni kundi gani lina mwenendo usio wa kawaida, kisha huenda kuzungumza na wahusika.

Mpaka mwingine ni kwamba vyuo vilivyomo katika kanzidata havikuchaguliwa kwa kura ya bahati nasibu. Ni vyuo vilivyokubali, vingi vikiwa vikubwa na vya umma, vyenye vitivo vikubwa vya uhandisi. Matokeo yake yanaeleza vyuo vya namna hiyo vizuri, na vyuo vidogo vya binafsi kwa uangalifu zaidi.

Faragha

Ni haki kwa mwananchi kuuliza ni kwa idhini ya nani alama zake za chuo zinasomwa na mtu asiyemjua miaka 20 baadaye. Nchini Marekani suala hilo linaongozwa na sheria ya haki za elimu na faragha za familia ya mwaka 1974, inayokataza chuo kutoa kumbukumbu za mwanafunzi bila ridhaa yake isipokuwa katika hali zilizotajwa. Kwa ajili ya MIDFIELD, majina na namba za usajili huondolewa, na vyuo vyenyewe hufichwa: katika taarifa zinazotolewa kwa umma hutajwa kwa herufi tu.

Kuondoa jina hakutoshi, na hili linastahili kukaziwa. Mwanamke pekee wa asili fulani katika programu fulani ya mwaka fulani anatambulika hata asipotajwa, kwa kuwa waliosoma naye wanamjua. Kwa sababu hiyo, watafiti hawachapishi matokeo ya makundi yenye watu wachache mno. Hapo pana mvutano ambao hauna dawa rahisi: makundi yanayohitaji sana kuonekana katika takwimu ndiyo yaleyale ambayo ni rahisi kuyafichua. Kuongeza vyuo zaidi katika kanzidata hupunguza tatizo hilo, kwa kuwa watu watano katika vyuo 20 huwa 100.

Uhusiano na hali ya hapa nchini

Matokeo ya Marekani hayapaswi kuhamishiwa Tanzania kama yalivyo. Mwanafunzi wa hapa hudahiliwa moja kwa moja katika programu anayoisomea, na uamuzi wake kwa kiasi kikubwa umekwisha kufanyika anapochaguliwa tahasusi ya kidato cha tano. Asiyesoma hisabati na fizikia katika ngazi hiyo au kupitia stashahada ya ufundi hana njia ya wazi ya kufika kitivo cha uhandisi, hata alama zake nyingine ziwe za juu kiasi gani. Swali lililoulizwa na watafiti wale, kuhusu mlango wa kuingilia, hapa linaangukia shule ya sekondari kuliko chuo.

Mbinu yenyewe, hata hivyo, inaeleweka hapa bila shida, kwa kuwa vipande vya safari ya mwanafunzi vimo tayari katika taasisi za umma. Baraza la Mitihani lina matokeo ya kidato cha nne na cha sita. Tume ya Vyuo Vikuu husimamia udahili na hutangaza awamu zake pamoja na muda wa uhamisho. Vyuo, kuanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambacho kitivo chake cha uhandisi kilianza mwaka 1973, vina matokeo ya kila muhula. Bodi ya Mikopo ina kumbukumbu za wanufaika wake, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina daftari la waliosajiliwa. Kila kipande kilikusanywa kwa madhumuni yake. Kuviunganisha kwa ajili ya utafiti ni jambo la kisheria kabla ya kuwa la kiufundi, na linaangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, ambayo inaweka masharti juu ya ukusanyaji na uchakataji wa taarifa za mtu.

Kwa anayesoma takwimu za udahili na mahafali katika matangazo ya kawaida, maswali machache yatokanayo na uzoefu huu yanafaa kuulizwa kabla ya kutoa hukumu. Je, waliohitimu mwaka huu ndio wale wale walioingia miaka minne iliyopita, au ni makundi mawili tofauti yaliyowekwa katika mstari mmoja? Waliohamia wamehesabiwa wapi? Aliyeahirisha mwaka kwa ugonjwa au uzazi amewekwa na walioacha? Na programu iliyoanza juzi, ambayo kundi lake la kwanza bado halijafika mwisho, imeingizwa katika wastani?

Upatikanaji wa taarifa kwa mafunzo

Wasimamizi wa MIDFIELD wametoa kwa umma sampuli ya kumbukumbu za takriban wanafunzi 98,000 kutoka vyuo vitatu, kuanzia mwaka 1988 hadi 2018, zikiwa na majedwali yote manne yaliyoelezwa hapo juu; jedwali la kozi peke yake lina safu zaidi ya milioni tatu. Sampuli hiyo inaitwa midfielddata. Pamoja nayo imetolewa programu iitwayo midfieldr, inayofanya kazi ndani ya R, programu huria ya takwimu inayotumika pia katika vyuo vya Afrika Mashariki. Programu hiyo ina hatua zilizokwisha kuandikwa za kuondoa makundi yasiyofuatiliwa kwa muda wa kutosha, kurekebisha muda wa waliohamia, na kuandaa taarifa za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa pamoja ili tawi lao likadiriwe.

Vyote viwili hupatikana bila malipo. Watoaji wameweka sharti moja la kitaaluma: sampuli hiyo ni ya kujifunzia mbinu, na haitumiki kutoa hitimisho kuhusu wanafunzi wa Marekani. Anayehitaji kufanya utafiti kamili hutakiwa kuomba kanzidata yenyewe na kufuata taratibu zake za maadili.